Tuige vipimo vya Waskandinavia, rangi ya kuta tuwaachie

JIRANI yangu amepaka mvule rangi nyeupe. Naomba msomaji urudie kuisoma sentensi hiyo kabla hatujaendelea, maana mimi mwenyewe nilipouona ule mvule nilishika kichwa. Mbao zile zilitoka Kongo, zikavushwa Gatumba, zikalipiwa, zikapigwa randa na fundi wa Buyenzi kwa siku tatu mpaka rangi yake ya dhahabu ikatokeza. Kisha fundi akaambiwa aifunike kwa makopo mawili ya rangi ya mafuta. Sababu ni kwamba mwenye nyumba alikuwa ameona kwenye simu picha za sebule za Stockholm na Copenhagen: ukuta mweupe, kiti cheupe, zulia jeupe, na mmea mmoja umesimama kwenye kona kama mtoto aliyeadhibiwa. Naye akasema nyumba yake lazima iwe hivyo.

Sina ugomvi na jirani. Anaipenda nyumba yake, na mtu aliyelala kambini miaka kumi na mbili ana haki ya kuipenda nyumba yake kwa namna anayotaka. Lakini jambo hili limeenea sana miongoni mwetu tuliorudi kutoka nje, na hata kwa wafanyabiashara wa mpakani ambao wameanza kuagiza samani za "Kiskandinavia" kutoka Dubai na China. Kwa hiyo naomba niseme ninaloliamini. Mimi nimeishi Malmö, kusini mwa Uswidi, kuanzia 2011 hadi 2019, na kazi yangu kwa muda mrefu kati ya miaka hiyo ilikuwa kubeba makochi na makabati katika duka la vitu vilivyokwisha kutumika. Mafunzo yangu ya samani za kule niliyapata kwa mgongo.

Kwanza, huo weupe. Malmö mwezi Desemba jua linachomoza kama saa mbili na nusu asubuhi, na ikifika saa tisa na nusu alasiri limekwisha zama. Siku nyingine hulioni kabisa, ni mawingu tu. Mtu wa kule anapaka ukuta rangi nyeupe ili ule mwanga mdogo unaopenya dirishani udunde ndani, usipotee. Anatumia mbao za rangi hafifu kwa sababu hiyo hiyo, na kwa sababu miti ya kwao ndivyo ilivyo. Sisi Bujumbura jua tunalo saa kumi na mbili, mwaka mzima, na shida yetu ni kulikwepa. Tunahitaji kivuli, upepo wa ziwa, na rangi isiyoonyesha vumbi jekundu wala viganja vya watoto. Kwa hiyo anayeiga weupe ule anaiga dawa ya ugonjwa asiokuwa nao.

Lakini kule kuna kitu kingine ambacho hakionekani kwenye picha za simu, na hicho ndicho ninachokililia. Ili nikieleze, inabidi nirudi nyuma kidogo.

Mwaka 2008 tulirudi nyumbani na mama kutoka kambi ya Mtabila, wilaya ya Kasulu. Mama alikuwa na kitanda cha mninga. Alikinunua kidogo kidogo, kwa kuuza mihogo na kufuma vikapu, na fundi aliyekitengeneza alikuwa mkimbizi mwenzetu. Kilikuwa kitanda imara, kimepigiliwa misumari ya inchi nne na kupakwa gundi kila kona. Asubuhi ya kuondoka, lori limejaa watu, magunia, mabati, milango na kuku, na kitanda kikagoma kuingia. Kilikuwa kitu kimoja, hakikunjiki wala hakifunguki. Wanaume wakajaribu kukigeuza, wakajaribu kukisimamisha, dereva akaanza kupiga honi. Mwishowe mtu mmoja akaleta msumeno, wakakikata miguu na mbavu mbele ya mama, vipande vikatupwa juu ya magunia. Tulivuka Manyovu, tukaingia Mugina, na tulipofika kijijini Makamba hapakuwa na fundi wa kukiunga tena. Siku ya tatu mama alipikia maharage kwa miguu ya kile kitanda. Mninga unawaka vizuri sana.

Nadhani kila familia iliyorudi ina hadithi ya namna hii. Kwa wengine ni kabati, kwa wengine meza ya kulia.

Sasa tuje Malmö. Mji ule nao ni wa mpakani. Toka daraja la Øresund lilipofunguliwa mwaka 2000, unapanda treni na baada ya nusu saa au kidogo zaidi uko Copenhagen, nchi nyingine, fedha nyingine. Jumapili moja nikavuka kwenda kwenye jumba la makumbusho la usanifu wa vifaa, lililo katika majengo ya hospitali ya kale. Nilikwenda kwa udadisi tu, kwa sababu dukani kwetu viti vya zamani vya Denmaki vilikuwa vinauzwa kwa bei iliyonishangaza. Humo ndani nikakuta kiti kimeandikwa jina ambalo sikuhitaji mkalimani kulisoma: Safari.

Kilisanifiwa mwaka 1933 na Kaare Klint, yule ambaye Wadenmaki wanamhesabu kuwa mwalimu wa wasanifu wao wote wa samani. Ni vijiti vya mbao vilivyochongwa mviringo, miguu minne yenye matundu, kitambaa cha turubai cha kukalia na mikanda ya ngozi ya kuwekea mikono. Miguu na vijiti vyake haviungwi kwa msumari, wala gundi, wala skrubu. Unachomeka, unakaza mkanda, unakaa, na uzito wako mwenyewe unazidi kukikaza. Ukitaka kuhama unachomoa, unakifunga kama mzigo wa kuni, unakwenda. Inaelezwa kuwa Klint alikiona kiti cha namna hiyo katika picha za Wamarekani wawili, Martin na Osa Johnson, mke na mume waliozunguka Afrika Mashariki wakipiga picha za wanyama. Asili yake ilikuwa viti vya kambini vya maafisa wa Kiingereza waliokuwa India.

Nilisimama mbele ya kiti kile kwa muda mrefu, nikafikiria nani alikuwa anavibeba viti vya namna ile huku kwetu. Alikuwa mpagazi. Mzigo wa mpagazi mmoja katika misafara ya zamani ulikadiriwa kuwa ratili 60, yaani kilo 27 hivi, kichwani, kutoka kambi hadi kambi. Kiti cha bwana kililazimika kufunguka ili kitoshe kwenye mzigo huo. Kwa maneno mengine, kipimo cha kiti kile kilikuwa kichwa cha babu zetu. Leo kinatengenezwa Denmaki na kuuzwa kwa fedha ambayo hapa unajengea chumba, na bado kinaitwa kwa neno letu.

Wala tusidhani kuwa maarifa hayo yalikuwa ya wageni peke yao. Kile kiti cha vipande viwili vya mbao, kimoja kinapenya katika tundu la kingine, utakikuta Kongo, utakikuta Malawi, na siku hizi utakikuta kinauzwa kwa watalii. Ukikichomoa unakibeba kwapani. Pwani walikuwa na kitanda cha kamba ambacho kikilegea unashuka na kukikaza upya. Basi Hans Wegner, Mdenmaki mtoto wa fundi viatu, mwaka 1949 alisanifu kiti ambacho kikalio chake kinafumwa kwa kamba ya karatasi yenye urefu wa mita 120 hivi, kwa mkono, na dunia nzima ikakipigia makofi mpaka leo. Nilipokishika mara ya kwanza dukani nilicheka. Bibi yangu angeukosoa ufumaji wake.

Tofauti yetu na wenzetu ni kwamba wao walikaa chini wakapima. Klint alipima mwili wa mtu aliyekaa, akapima sahani, mashati, mashuka, ili kabati liwe na ukubwa wa vitu vinavyoingia ndani yake. Uswidi nao mwaka 1944 walianzisha taasisi ya utafiti wa kazi za nyumbani, wakawapima akina mama wakiwa jikoni: anainama mara ngapi, anatembea hatua ngapi, meza ya kukatia mboga iwe juu kiasi gani ili mgongo usiume. Vipimo hivyo vikaingia katika nyumba za serikali, zikiwemo zile nyumba milioni moja walizojenga kati ya 1965 na 1974. Mimi nimekaa katika mojawapo, mtaa wa Rosengård. Ghorofa lenyewe halikuwa na uzuri wowote kwa nje, na magazeti ya kwao huwa yanalisema vibaya. Lakini jikoni mle mke wangu alifikia kila kitu bila kupanda juu ya stuli.

Nani amepima jiko la Kinama? Nani amepima chumba cha mama muuza mitumba wa Gatumba, ambaye chumba chake ni mahali pa kulala, ghala na ofisi? Mimi nimejaribu, kwa futi ya fundi. Balo la mitumba la kilo 45 nililolipima lilikuwa na unene wa sentimita 45. Kitanda cha kawaida cha mafundi wetu kina uwazi wa sentimita 30 chini yake. Kwa hiyo balo linakaa katikati ya chumba, watoto wanaliruka, wageni wanalikalia. Mguu wa kitanda ukiongezwa kiganja kimoja, chumba kinapatikana. Dumu la lita 20, sufuria la ugali wa watu kumi, gunia la mchele, mkeka uliokunjwa, begi la safari: hivi ndivyo vitu vyetu, navyo vina vipimo. Kabati zinazoletwa kwenye makontena zilipimwa kwa ajili ya sahani bapa na chupa za mvinyo. Dumu letu linaishia mlangoni.

Najua kuna watakaoniambia kwamba hayo yote yamekwisha fanywa na ile kampuni kubwa ya Waswidi, IKEA, basi tuagize tu. Tuelewane. Kampuni ile ilianzishwa na Ingvar Kamprad mwaka 1943 akiwa kijana wa miaka 17, na kuanzia 1956 ikashika njia ya kuuza samani zilizofunguliwa na kulazwa ndani ya boksi bapa. Wanasimulia wenyewe kwamba mfanyakazi wao, Gillis Lundgren, alishindwa kuingiza meza kwenye gari, akaing'oa miguu. Hawakuwa wa kwanza kuwaza hivyo, lakini walilielewa jambo ambalo kila mfanyabiashara wa mpakani analijua mfukoni mwake: kusafirisha meza iliyosimama ni kulipia nauli ya hewa. Heshima yao naitoa. Ila nilipokuwa dukani nilijifunza jambo la pili. Viti vya miaka ya 1950, vya mbao ngumu, vilikuja kwetu vikiwa na umri wa miaka sitini na kuondoka siku hiyo hiyo. Makabati ya siku hizi, yale ya vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi na kuvishwa karatasi, yalikuja na umri wa miaka mitano, yakafunguliwa mara ya pili, matundu ya skrubu yakabomoka, nami nikayapeleka jalalani. Na hiyo ni Uswidi, nyumba kavu. Mbao za namna hiyo zikilowa zinavimba kama mkate kwenye chai. Waulizeni watu wa Gatumba, Rusizi ilipofurika mwaka 2020 na maji yaliporudi tena 2024. Wenye viti vya mbao za kweli walivianika. Wenye makabati ya boksi waliyazoa kwa koleo.

Kwa hiyo mfano ninaoutamani ni wa chama cha ushirika. Denmaki wakati wa vita kuu ya pili vyama vya ushirika vya walaji, FDB, viliamua kwamba wafanyakazi wanaokaa vyumba viwili nao wanahitaji samani nzuri. Mwaka 1942 wakamwajiri Børge Mogensen, fundi seremala aliyesomeshwa na Klint, aongoze kazi hiyo. Mwaka 1947 akatoa kiti kinachoitwa J39. Ukikitazama unaona kiti tu, hakina mbwembwe: mbao, kikalio cha kamba ya karatasi, basi. Wao wanakiita kiti cha watu, na mpaka leo kinatengenezwa. Kumbuka kwamba ile kamba ya karatasi walianza kuitumia kwa sababu vita vilikuwa vimewanyima malighafi nyingine. Walikuwa na dhiki, kama sisi, na dhiki ile haikuwafanya watengeneze vitu vibaya.

Nilimpelekea wazo hili fundi wangu wa Buyenzi, mtu aliyejifunza kazi Kigoma na anayeujua mninga na mkurungu kwa harufu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka randa chini.

"Mzee, wewe umekaa Ulaya," akasema. "Vitanda vya bolti tunatengeneza siku nyingi. Baada ya miezi sita vinalia kama mlango wa zizi, mteja anarudi kunitukana. Msumari hautukanwi."

Nikamuuliza kwa nini vinalia. Akanionyesha mbao zilizosimama ukutani. "Hizi zimepasuliwa mwezi uliopita. Zinanywa maji bado. Mimi nachomeka leo, mbao inakauka nyumbani kwa mteja, inasinyaa, tundu linakuwa kubwa. Nipe mbao kavu, nitakupa kitanda cha kufungua hata kila Ijumaa."

Hapo ndipo penye kiini, na nashukuru kwamba fundi alinisahihisha. Samani za kufunguka zinadai mbao kavu. Kukausha kwa upepo, mbao ya unene wa inchi moja inaweza kuchukua mwaka, na fundi mwenye watoto wanne hawezi kulaza mtaji wake mwaka mzima akingoja upepo. Wenzetu wana matanuri ya kukaushia, yanafanya kazi hiyo kwa wiki kadhaa. Tanuri la jua, chumba chenye paa la plastiki angavu na feni, si kitu cha kutisha. Mafundi thelathini wakiungana wanaweza kulijenga. Fundi mmoja hawezi.

Ninawaomba basi wanaohusika na vyama vya ushirika, na wafadhili wanaopenda kugawa mashine za kushonea kwa waliorudi, walifikirie tanuri. Ninawaomba wafanyabiashara wenzangu wa mpakani wafanye hesabu. Kuanzia Julai 2022 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana ushuru wa asilimia 35 kwa samani zinazotoka nje ya Jumuiya. Mwaka huo huo Kongo ikaingia ndani, na misitu yake. Mlango umefunguliwa kwa ajili yetu, nasi tunautumia kupitisha magogo kwenda na makochi kurudi. Kitanda cha mvule kilichofunguliwa kinafungwa nyuma ya baiskeli moja. Kinavuka Kavimvira hadi Uvira, au Kobero hadi Ngara, bila lori na bila msumeno. Kochi la kontena halipandi baiskeli. Wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao, na mbachao wetu safari hii ni mvule.

Na wewe jirani, ukisoma haya usininunie. Rangi ya mafuta inatoka kwa msasa. Nitakuja kukusaidia Jumamosi.

Mama yangu bado yuko Makamba. Mwaka jana nilimtengenezea kitanda kwa fundi yule yule, kwa mbao za mninga zilizolala darini kwake miezi kumi na minne. Kina vipande vinne vikubwa na bolti nane. Nilipomaliza kukifunga, mama alikizunguka, akakitikisa, kisha akaniambia nikifungue. Nikakifungua. Akasema nikifunge tena, safari hii yeye akiwa anatazama. Mara ya tatu alikifunga mwenyewe, mimi nikimshikia mbavu tu. Spana nilimwachia mezani, lakini nilipokuwa naondoka niliona ameifunga kwenye ncha ya kitenge chake, pamoja na ufunguo wa nyumba.